Bia sinywi, lakini baa ndo ilonifunza kulisha watu

Niseme mapema tusije tukagombana: mie bia sijawahi kuonja na sina mpango wa kuonja. Lakini karibu kila ninachokijua leo kuhusu kumkalisha mtu na watoto wake mezani, wakala wakashiba wakaondoka na raha zao, nilikiona ndani ya baa, tena baa ya Marekani, mvua inanyesha, mie na baibui langu na kichanga mapajani.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu anaishi Portland, Oregon, na mumewe na watoto. Alipojifungua wa tatu akaomba niende nikamkande, maana mama magoti yake hayamruhusu tena kukaa kwenye ndege masaa yote yale. Nikafunga karafuu, mdalasini, pilipili manga, habasoda, kanga za mzazi, nikaenda. Arobaini ikapita salama alhamdulillah. Sasa pale jirani palikuwa na mama mmoja wa kizungu wa makamo, siku zote zile alikuwa akituletea supu na mkate, akasema arobaini ikiisha anatutoa sote tukale chakula cha mchana, yeye na mumewe wanalipa. Tunakwenda wapi? Mdogo wangu ananijibu huku anafunga viatu vya mtoto, tunakwenda brupabu. Ndo nini? Baa wanayopika bia yao wenyewe hapohapo. Nikamwambia we mwana una wazimu, kichanga cha mwezi mmoja na nusu unakipeleka kilabuni? Akacheka tu, akasema dada twende ukaone, usipopapenda tutarudi.

Nikaenda nimenuna. Kufika mlangoni cha kwanza naona foleni ya vigari vya watoto. Wallahi vigari, kama mlango wa kliniki. Ndani meza ndefu za mbao, mabibi na mababu, watoto wanachora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi zilizotandikwa mezani makusudi, na upande mmoja ukuta mzima wa kioo, nyuma yake matangi makubwa ya chuma yanang'ara. Harufu niliyoikuta mle sikuitarajia, nilidhani nitakutana na ule uvundo wa kilevi, kumbe ni kama mtu anapika uji wa mtama wenye sukari nyingi. Nyuma ya kioo kijana mmoja kavaa mabuti ya mpira anachota kwa koleo makapi ya nafaka yaliyochemka, mvuke unamfuka usoni, anayatia kwenye mapipa. Watoto wamebandika pua kwenye kioo wanamtazama kama sie tulivyokuwa tukimtazama muuza halua anavyosonga. Nikauliza yale makapi yanakwenda wapi, nikaambiwa wafugaji wanakuja kuyachukua wakalishe ng'ombe. Nikasema haya, angalau hawa hawatupi kitu.

Mume wa yule mama ndo mjuzi, mwenyewe anapika bia kwenye gereji yake kwa ajili ya kunywa na wenziwe tu. Akanambia kwao hilo la kupika nyumbani sheria ya nchi ililiruhusu 1978, alisaini Rais Jimmy Carter, na hizi baa za kupika na kuuza palepale zilikuja baadae, hapo Oregon sheria yake ni ya 1985, kabla ya hapo anayepika bia haruhusiwi kumuuzia mnywaji kwenye meza yake mwenyewe. Akanieleza kazi yenyewe kwa utaratibu maana aliona nauliza kama mtu anayetaka kufungua. Shayiri inalowekwa ikachipua, ikakaushwa, ndo kimea. Kimea kinavunjwavunjwa, kinatiwa maji ya moto mpaka utamu wote utoke, yale maji matamu yanachujwa yanachemshwa kiasi cha saa moja na maua fulani yanaitwa hopsi ili yapate uchungu na harufu, yanapozwa, inatiwa hamira, halafu unasubiri. Aina moja inakaa kwenye joto la kawaida wiki mbili tatu, aina ya pili inakaa kwenye baridi muda mrefu zaidi. Hamira inakula sukari, inatoa hewa na inatoa kilevi. Nikamwambia hili nalijua, hili ni tembo la mnazi! Kwetu mgema akilishusha asubuhi ni tamu hata mtoto anatamani, ikifika jioni limeshakuwa kali, na ukiliacha zaidi linageuka siki. Yule mzee alifurahi mpaka akapiga meza, akataka nimweleze mnazi unagemwaje, kwa hiyo mchana wa baa ile mie ndo nikawa naeleza habari za ulevi, astaghfirullah.

Yale maua ya hopsi alikuwa nayo makavu mfukoni, alinichukulia makusudi. Akaniwekea kiganjani akanambia sugua. Yanavunjika kama karatasi, yanaacha unga wa manjano na mafuta yenye harufu ya ndimu na majani mabichi pamoja. Akasema bonde la mto Willamette, si mbali na pale tulipokaa, wanalima hopsi kwa maelfu ya ekari, ni mmea unaopanda kwenye kamba, na msimu wa mavuno harufu yake inajaa njiani. Mie mtoto wa Wete, Pemba, sikuhitaji maelezo zaidi. Unapokulia mahali karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mpaka mlangoni mwa watu unajua nchi inayonuka zao lake ikoje.

Sasa chakula. Nikaagiza samaki na chipsi nikijua hapo nipo salama. Mdogo wangu akanigusa mguu chini ya meza, akamuuliza mhudumu, na kumbe lile rojo la unga wanalomchovyea samaki limekorogwa kwa bia. Rojo la bia! Na jibini ya kuchovyea mkate nayo ina bia. Ndo mtu ujue, nyumba ya bia hata samaki anaogeshwa. Nikala samaki wa kuchoma na viazi, mtamu, ghali, na juu yake kuna bakshishi asilimia 20 ambayo wenyewe wanasema si lazima lakini wote wanatoa.

Watoto wakaletewa glasi za kinywaji cheusi chenye povu, roho ikaniruka. Yule mhudumu wala sikumuuliza, aliniona tu macho, akanambia hii ni rutibia, jina tu ni bia, haina kilevi, tunaipika sisi hapahapa kwa ajili ya watoto na wasiokunywa, na wewe nikuletee? Nikaonja. Inafanana na dawa ya kikohozi iliyotiwa sukari, lakini hilo halikunishughulisha, nilichobaki nacho ni kwamba mwenye nyumba ya bia kakaa akafikiri mtoto atakunywa nini, na kakipika kwa mikono ileile anayopikia bia ya mkubwa, hakumtupia soda ya kopo.

Na mengine madogo madogo niliyashika. Chakula cha watoto kilitoka mwanzo, dakika chache tu, cha wakubwa kikafuata baadae, kwa hiyo wakati sie tunaanza kula wao wameshashiba wamerudi kwenye kioo chao. Kwenye mlango pameandikwa watoto mwisho saa tatu usiku, basi, hakuna ugomvi. Shemeji akaondoka na kichanga kinalia akarudi kakibadilisha nepi, nikamuuliza umembadilishia wapi, akasema chooni, nikamwambia choo cha wanaume kina meza ya nepi? Akanitazama kama mie ndo mshamba, na kweli nilikuwa mshamba.

Lakini lililonikaa moyoni ni yule baba wa meza ya jirani. Kashika glasi moja tu, ile glasi ilimchukua saa nzima, mkono wa pili kamlaza mwanawe begani, mkewe anacheka na shoga yake. Nikamkumbuka wangu. Mume wangu mtu mwema sana, hanywi, havuti, ila baada ya magharibi humuoni, yuko barazani na wenziwe, dhumna, kahawa, kashata, siasa, mpaka saa nne. Nami niko ndani na watoto. Miaka kumi na mbili tumeishi hivyo na sijawahi kuona kama ni jambo, ndivyo walivyoishi baba na mama. Yule mzungu na glasi yake ndo akanitibua.

Nikarudi Unguja. Mie nauza urojo Fuoni, kabla ya safari nilikuwa nauza dirishani, mtu anakuja na bakuli lake au namtilia kwenye mfuko anaondoka. Nikamwambia mume wangu nataka kuweka banda la makuti uwani na meza sita. Akasema watu watakaa? Nikamwambia watakaa wakipata pa kukaa. Maana fikiria, mtu na mkewe na watoto wanne jioni anakwenda wapi? Forodhani, ile bustani ya vyakula ufukweni mjini, ndiyo, naipenda Forodhani, pale anapokusagia miwa mbele ya macho yako na ndimu na kipande cha tangawizi ndani ya mashine hakuna tofauti na wale wenye matangi nyuma ya kioo, kitu unakiona kinatengenezwa unakinywa palepale. Lakini na mtoto wa miaka miwili? Sahani unaishika mkononi, mwengine anakimbilia ukutani baharini, paka wanakuzunguka, baba kasimama anataka kuondoka. Na hoteli zetu za mjini za biriani nzuri zimejaa wanaume wanakula haraka haraka, mama akiingia na kundi lake anaoneshwa pembeni.

Kwa hiyo nikaanza. Karai la kunawia nililiteremsha chini kabisa urefu wa mtoto, hilo peke yake watu walilipenda kuliko urojo wenyewe, watoto wanaosha mikono mara tano. Meza ya nepi niliiweka kwenye ujia kati ya vyoo viwili ili asiwepo wa kusingizia. Watoto natoa chao mwanzo, bakuli dogo, urojo usio na pilipili, kachori moja, bajia mbili, kiazi, chipsi za muhogo juu. Na mbele ya banda, hapo ndo nilitumia akili, nikajenga baraza ya saruji na birika la kahawa linakaa kwenye mkaa. Dhumna nikanunua mpya. Sikumwambia mtu kitu.

Kosa langu kubwa lilikuja kwenye kinywaji. Kichwani nimejaa matangi ya Portland, nikasema nami lazima niwe na kitu changu chenye povu, ninachopika mwenyewe. Tangawizi. Kilo ya tangawizi naikuna, nachemsha na sukari, mdalasini na karafuu chache za kwetu, napoza, natia ndimu na hamira nusu kijiko cha chai, ile hamira ya maandazi, nafunga kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, siku mbili chupa zinakuwa ngumu kama jiwe, ukifungua fyuuu, povu. Ilikuwa tamu jamani, siwezi kusema uongo. Wiki ya kwanza watu waligombania. Wiki ya pili lilikuja lile joto la kaskazi, chupa ishirini nimezipanga chini ya kitanda cha stoo, saa nane za usiku tukasikia bomu. Kisha la pili. Mume wangu karuka na shuka anasema wezi, mie najua ni nini natamani ardhi inimeze. Asubuhi ukuta wa stoo unanata mpaka juu, sisimizi wameshapata habari.

Lakini kupasuka si kitu, ningebadilisha chupa tu. Kilichonimaliza ni ami yake mume wangu, mzee wa Makunduchi, kaja kututembelea, nikamtilia glasi kwa kujisifu. Akainusa. Akaiweka chini taratibu. Akaniuliza, mwanangu hii ina siku ngapi? Nikasema nne. Akasema baba yangu aligema, mie nimekua chini ya mnazi, hii pua yangu haidanganyiki, hii imeshavuka. Akaamka akaenda kunawa mikono. Nikabaki nimesimama. Na wala si kwamba sikujua! Yule mzee wa kizungu alinambia kwamba hamira inakula sukari inatoa hewa na kilevi, nami nikamjibu nalijua, nilikaa nikaeleza habari za tembo kama mwalimu, kisha nikarudi nyumbani nikatia hamira na sukari kwenye chupa nikaifunga siku nne kwenye joto nikategemea itanipa hewa peke yake. Nikamwaga yote. Lita thelathini zilikwenda kwenye mtaro. Nikakaa wiki mbili sitoi tangawizi, na wateja niliowanywesha niliwafata mmoja mmoja nikawaambia ukweli, wengine walicheka, mmoja hajarudi mpaka leo na simlaumu.

Sasa napika bila hamira. Nachemsha tangawizi iwe nzito, shira hasa, inakaa kwenye friji, mteja akiagiza natia vijiko vitatu kwenye glasi, ndimu, barafu, halafu namimina maji ya soda juu yake mbele ya macho yake. Povu linapanda. Si lile la zamani, la zamani lilikuwa na ukali fulani wa kushika koo ambao maji ya soda hayana, lakini nalala usingizi.

Kuna na jambo jengine nililoiba kule. Wenye bia zao wanakuletea ubao mdogo una matundu manne, kila tundu glasi ndogo ya bia tofauti, unaonja kabla hujaamua. Nikampelekea fundi seremala kipande cha mwembe nikamchorea. Akauliza hii ya nini, nikamwambia toboa tu. Sasa nauza ubao kwa shilingi elfu mbili: tangawizi, ukwaju, choya (rozela) na mabungo. Watoto wanabishana ipi kali ipi tamu, mama zao wanaonja, na siku ya kwanza wazee wa barazani walisema mambo ya kitoto haya, siku ya tatu mmoja akaniita kwa sauti ya chini, Bi mkubwa, hebu niletee ule ubao wako.

Mana wazee wa barazani wamehamia kwangu. Sikuwaita. Baraza ipo, kahawa ipo, dhumna mpya, na mume wangu anapajua njia. Wanakaa mbele, wake zao na watoto wako ndani hatua kumi, mtoto akilia baba anageuka. Si kila siku, wala sitaki kudanganya kwamba mtaa umebadilika, wapo wanaosema nawatoa wake za watu majumbani, na wapo wanaume wanaokunywa kahawa yangu na familia zao wameziacha nyumbani vilevile.

Vijana wa bara wanaofanya kazi kwenye hoteli za kaskazini wanakuja, mara nyengine wananiuliza Bi mkubwa bia ya baridi huna? Nawaambia baba, humu strongi yangu ni pilipili. Mmoja wao, baba wa mapacha, akanambia kule anakofanya kazi bia ziko za kila namna na yeye ndo anazimimina, lakini siku yake ya mapumziko akitaka kukaa na mapacha wake na mama yao mahali pasipo muziki wa kupasua masikio, anapanda daladala mpaka kwangu. Kila akija anaagiza ubao, anausogeza katikati ya meza, na yeye anapewa ukwaju maana wanawe hawaupendi.

Ramadhani nafungua baada ya tarawehe tu, na hapo ndo biashara yenyewe, watu wanakaa mpaka saa sita. Mwaka huu tatizo ni mabungo, yameadimika, nikipita sokoni Darajani naoneshwa matatu ya kukauka kwa bei ya mwizi. Kwa hiyo glasi ya nne sina cha kuitia. Nilitaka kuwapa ubao wa glasi tatu lakini tundu linabaki wazi, linaonekana vibaya, nikaona bora niweke glasi hivyohivyo tupu mpaka msimu urudi. Na watoto wanaigombania. Jana wawili wamekaribia kutoana roho, kila mmoja anasema ya mabungo ni yangu.